Kiwiko cha Mzee Tena

Asubuhi hiyo pazia la sebuleni liligoma kufunguka. Mama mtu alivuta kamba, akavuta tena, pazia likatikisika kidogo na kubaki palepale. Alipoisogelea akaona kamba yenyewe imejaa mafundo kutoka juu mpaka chini, madogo, yamebana, yamepangana kama punje za mahindi.

"Mafundo!" aliita. "Njoo ulifungue gereza lako. Mimi nataka jua, nione chai ninayokunywa."

Binti akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Mafundo lilikuwa jina lake la nyumbani. Kazini aliitwa daktari kama madaktari wengine, maana alikuwa anasomea upasuaji na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mikono yake haikujua kutulia. Ukimpa kijiko, anakifunga uzi. Akikaa kitini, mguu wa kiti unavalishwa bangili. Droo zote za jikoni zilikuwa na mikia ya nyuzi, nyeusi na za buluu, na mgeni akiuliza, mama anajibu kwamba nyumba hii droo zake zimefanyiwa upasuaji, zinaendelea vizuri.

"Samahani, mama. Sikulala vizuri."

"Wewe hujalala vizuri tangu uzaliwe. Kaa unywe chai." Binti akafungua mdomo kujibu, mama akamnyooshea kiganja. Mama alikuwa askari wa barabarani mpaka alipostaafu, na mikono yake haikustaafu pamoja naye. Kiganja kikinyooka, unanyamaza. Vidole vikikuvuta, unasema. "Kwanza unywe. Mkono wenye njaa unatetemeka. Mimi nimesimamisha malori, naijua mikono."

Siku yenyewe ilikuwa ya kamera.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Anayesomea upasuaji alisimama karibu na mwalimu wake mwaka baada ya mwaka, akishika vyuma vya kupanulia kidonda, akikata nyuzi, akitukanwa kidogo, akisifiwa mara chache, mpaka siku mwalimu aseme, "Huyu yuko tayari." Imekwisha hiyo. Anapewa kisu chake na mgonjwa wake.

Halafu akaja mtafiti mmoja, mwembamba, mpole, ambaye hajapata kumpasua mtu wala panya. Kazi yake ilikuwa kuchunguza wapasuaji wanavyofundishwa na wanavyopimwa. Alihama hospitali hadi hospitali na vikamera vyake, akajibanza pembeni, akatazama, akauliza maswali ya kuudhi kwa sauti ya upole. Wakamwita Bwana Kamera. Alichokigundua kiliwatoa jasho wakubwa wengi. Mwanafunzi anayecheka mizaha ya mwalimu huiva mapema kuliko mwenzake aliye kimya. Mwanafunzi yuleyule, mwalimu huyu anamwona ameiva, yule anamwona mbichi. Na walimu walipoonyeshwa picha za mikono peke yake, bila sura, bila sauti, wapo waliowaangusha haohao waliowasifu wiki iliyotangulia. Bodi ya wapasuaji ikasoma utafiti ule, ikajikuna kichwa, ikatoa uamuzi: kuanzia mwaka huu hakuna kuachiwa kisu kwa neno la mwalimu tu. Mikono ipite mbele ya kamera. Glavu za rangi moja, namba badala ya jina, na watahini wakae mbali wasijue wanamtazama nani.

Daktari hakuwa na ugomvi na kamera. Ugomvi wake ulikuwa na kalenda. Ilikuwapo hospitali moja ndogo, kutwa nzima kwa basi, ambayo mpasuaji wake alishazeeka akaondoka. Mama mmoja aliletwa kutoka huko, utumbo umepasuka, tumbo limeshachafuka. Alikufa mkono wa daktari ukiwa umemshika, na kilichomuua ilikuwa njia. Siku ileile daktari aliandika kuomba nafasi ya huko, wakamkubali, kwa sharti moja: mwezi ukiisha hajaruhusiwa kupasua peke yake, nafasi anapewa daktari wa macho, na chumba cha upasuaji kinakuwa stoo ya miwani. Tangu hapo, kila akifumba macho anaiona ile barabara.

Basi akanywa chai, akaenda.

Chumba cha mazoezi kilikuwa kidogo, kina harufu ya sabuni na ya machinjioni, kwa sababu utumbo wa kuungwa ulikuwa wa mbuzi. Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza unaunga utumbo uliolazwa mezani, kazi ya wazi. Kisha unaunga mwingine ulio chini kabisa ya mkebe mwembamba, mfano wa nyonga ya mtu, mahali ambapo mikono miwili inapigania nafasi ya mmoja. Kamera ilining'inia juu, ikitazama meza tu. Bwana Kamera akambandika namba kifuani, kisha akagundua kuwa kifua hakitaonekana, akacheka peke yake.

Daktari akaunga. Mikono ilipopata kazi, moyo ukatulia, kama kawaida yake. Kwake utulivu wote ulianzia kwenye vidole. Mwisho wakajaza maji yenye wino wa buluu ndani ya matumbo yale mawili, wakaminya. Hakuna tone lililotoka.

"Hauvuji," alisema Bwana Kamera.

"Hauvuji!" daktari alimwambia mama yake simu ikiwa sikioni, akishuka ngazi mbilimbili.

Majibu yalipokuja, yalisema hajafikia kiwango.

Aliyasoma akiwa amesimama korido, akayasoma akitembea, akajikuta kwenye chumba cha Bwana Kamera bila kukumbuka njia aliyopita. Ndani alimkuta mwenzake, mwanafunzi mwingine wa mwaka wa mwisho, aliyeitwa Mrefu kwa sababu hakuna jina lingine lililomtosha. Amekunjwa kwenye kiti, magoti yako karibu na masikio.

"Na wewe, kaka?"

"Na mimi, dada. Tumelala chali wote."

"Utumbo wangu haukuvuja!"

"Wangu pia. Muulize huyu mwenye macho ya vioo."

Bwana Kamera alikuwa hana raha. Aliwaeleza kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba watahini wote wamesifu mshono. Kilichowaangusha ni mwendo. Kila fundo la mkono wa kushoto, kiwiko kinapanda, mkono mzima unazunguka, halafu kidole cha mwisho ndicho kinachokwenda kuvua uzi. Mwendo mrefu, unachosha, unapoteza muda mgonjwa akiwa wazi. Na mtahini mmoja aliandika zaidi ya hapo. Aliandika kwamba mwenye mikono hii kidole gumba chake cha kushoto kimeumia, hakikunjiki, naye anaficha. Apimwe kwanza, kabla hajamgusa mtu.

"Kidole gumba changu?" Daktari akakitoa mfukoni, akakikunja, akakikunjua, akakizungusha mbele ya pua ya Bwana Kamera. "Hiki hapa! Kimeumia wapi?"

Mrefu naye akatoa chake. "Na mimi ameniandikia vilevile. Labda tuligongwa na gari moja tukasahau."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Bwana Kamera alikuwa ameshika vidole vyao viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, akivikunja kwa zamu kama mtu anayekagua bawaba za mlango.

"Vizima," alisema. "Nyie mwalimu wenu nani?"

Alijua jibu. Kila mtu alijua. Mwalimu wao alikuwa mpasuaji mkubwa wa hospitali ile, aliyeitwa Mzee Tena. Hakupenda maneno. Ukifunga fundo likamkera, anasema, "Tena." Unafunga. "Tena." Unafunga mpaka unaota unafunga, na siku ambayo hasemi kitu ndiyo umefaulu. Nusu ya wapasuaji wa nchi walipita chini ya neno lile moja.

"Ninazo picha za mikono ya watu wengi," Bwana Kamera alisema taratibu. "Kuna kundi moja wanazungusha kiwiko. Nilidhani ni mtindo tu wa hapa."

"Huyo mtahini aliyeandika habari za kidole ni nani?" daktari aliuliza.

"Siruhusiwi kusema."

"Hujakatazwa kunyamaza. Ni mtu wa hapahapa?"

Bwana Kamera akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kunyamaza kwake kulikuwa na kelele kuliko kengele.

Kesho yake asubuhi daktari alikuwa zamu ya kumsaidia Mzee Tena. Mgonjwa kalazwa, mtu wa usingizi kashika mashine yake, muuguzi kapanga vyuma. Kila mtu yuko mahali pake. Miaka yote daktari akisimama pale macho yake hukaa kwenye kidonda, kwa sababu hapo ndipo damu ilipo, na mtu akiona damu hatazami kingine. Mkono wa mwalimu ulikuwa kama dirisha. Unaona vitu kupitia dirisha, dirisha lenyewe huulizi lina rangi gani.

Leo akatazama dirisha.

Mzee akafunga fundo la kwanza. Kiwiko kikapanda, mkono ukazunguka kama wa mtu anayefunga bomba lililo juu ya kichwa, kidole cha mwisho kikaenda kuvua uzi. Na kidole gumba, ndani ya glavu, kilisimama kimenyooka, hakifanyi kitu, kama mgeni aliyekaa jikoni wenyeji wakipika.

Fundo la pili likawa vilevile. La tatu vilevile. Yalikaa vizuri yote, mazuri kuliko ya mtu yeyote.

"Daktari," alisema Mzee bila kuinua kichwa, "unavuta ini la mtu kama mlango wa choo. Uko wapi leo?"

"Nipo, mwalimu."

"Kuwapo kwenyewe ndiko huku?"

Akalegeza. Lakini akilini mambo yalikuwa yakigongana. Mashati yasiyo na vifungo ambayo Mzee alivaa kila siku, wao wakisema ni maringo ya wakubwa. Viatu visivyo na kamba. Chai anayoishika kwa mkono wa kulia tu, na sukari anayomwomba mtu amkorogee, eti wanafunzi wajifunze unyenyekevu. Walikuwa wakimcheka pembeni, na kila mmoja aliyecheka alikuwa ameshachukua kiwiko chake akaenda nacho nyumbani.

Upasuaji ukaisha salama. Daktari akamfuata kwenye kile chumba cha kupumzikia, chenye makochi yaliyochoka na birika lisilozimwa. Wengine walipotoka, akatoa uzi mfukoni, akatoa kijiko, akaviweka mezani mbele ya mwalimu.

"Nifungie kijiko hiki, mwalimu. Kwa mkono wa kushoto."

"Unaumwa?"

"Kidogo."

Mzee akamtazama, akatabasamu nusu, akachukua uzi. Kiwiko juu, zungusha, vuta. Fundo likakaa.

"Tena," alisema daktari.

Tabasamu likafutika. Hakuna mtu aliyewahi kumrudishia neno lile. Angeweza kutupa kijiko, angeweza kumfukuza, na daktari alikuwa ameshajiandaa kwa yote mawili. Mzee akafunga tena. Safari hii alikuwa akitazama mkono wake. Ulipofika juu, ukiwa nusu ya mzunguko, ukasimama hapohapo hewani, naye akabaki ameukodolea macho kama aliyekuta mtu mwingine amevaa koti lake.

"Ile namba niliyoiandikia," alisema. "Ilikuwa wewe."

"Mimi. Na ile nyingine Mrefu."

"Nilidhani ni mtu wa mbali. Nilidhani kuna mwenzangu huko, naye anaficha. Nikasema huyu apimwe, ataua mtu." Akashusha mkono, akaulaza mapajani, akaufunika kwa mwingine. "Mlango wa gari. Wewe ulikuwa bado unajifunza kusoma na kuandika. Mshipa wa kidole ulikatika, rafiki yangu wa mji mwingine akaushona, ukapona umekakamaa. Nikasema niko likizo. Nilifunga miguu ya kitanda changu mpaka mke wangu akasema kitanda kitatembea chenyewe kituache. Nikapata njia. Hakuna fundo langu lililofunguka, daktari. Hata moja."

"Najua. Langu pia halikufunguka. Nimeanguka hivyohivyo." Alikuwa amesimama, anakwenda mpaka dirishani, anarudi, anakwenda tena. "Kwa nini hukutuambia? 'Mimi nafunga hivi kwa sababu hii, nyie mna vidole, vitumieni.' Maneno mangapi hayo?"

"Sikujua mnaiga."

"Ulisema tena, tena, tena, mpaka viwiko vikapanda!"

"Nilikuwa natazama fundo! Fundo likikaa kama langu, nanyamaza. Mikono yenu sijawahi kuiona. Ningeionea wapi? Mimi nami macho yangu yako kwenye kidonda." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Juzi ndiyo mara ya kwanza naona mikono peke yake, haina mtu. Nikaujua ugonjwa wake papo hapo. Nikashindwa kujua ni ya nani."

Birika likatokota, hakuna aliyelijali.

"Mwezi unaisha, mwalimu."

"Nikiwaambia bodi, kesho yake wataniita mimi."

"Ndiyo."

"Unataka niseme nini?"

Daktari akachukua kijiko chake, akaondoka. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na kila nguzo ya taa aliyoipita aliigusa kana kwamba anaihesabu, ila hakuhesabu kitu.

Siku iliyofuata, mchana, mlango wa nyumba ukagongwa. Mama akafungua, akamkuta mzee amesimama na mfuko wa plastiki mkononi, nyuma yake kijana mrefu ameinama asigonge kizingiti. Kiganja cha mama kikanyooka chenyewe.

"Simama hapo. Unamtaka nani?"

"Mimi ni mwalimu wake."

"Wewe ndiye Tena?"

"Ndiye mimi."

"Mwanangu hajala tangu jana kwa ajili yako. Una leseni?"

"Leo asubuhi nimekwenda kuikabidhi, mama," alisema Mzee. "Mpaka watakaponitazama."

Mama akamchunguza toka juu mpaka chini, kama mwenye lori lililozidi mzigo ambaye kasema ukweli kabla hajaulizwa. Vidole vikamvuta ndani.

Mzee alikuwa amefika kwa mwenyekiti wa bodi kabla ofisi hazijafunguliwa, akamngojea mlangoni. Amesema yote. Amejiondoa kwenye watahini. Wanafunzi wake wawili watapimwa upya wiki hiyohiyo, na kwa vile muda umebana, watahini watakaa chumba cha pili watazame moja kwa moja, jibu litoke siku ileile. Daktari alisikiliza haya yote akiwa amesimama nyuma ya kochi, mikono imeshika mgongo wa kochi, asijue kama anataka kumshukuru au kumpiga.

"Wiki moja haitoshi," alisema mwisho. "Mwendo nilioufanya miaka, niuache wiki moja?"

Mzee akatoa bunda la plasta kwenye mfuko. "Vua sweta."

Wakakibana kiwiko chake ubavuni, plasta ikazunguka kiwiliwili kizima juu ya fulana, mpaka akawa kama kifurushi cha posta. Mrefu naye akafungwa, bunda likakaribia kwisha. Sasa mkono hauwezi kupanda. Kilichobaki ni kidole gumba kuamka kifanye kazi yake, na kilikuwa kizembe kama mtoto aliyezoea kubebwa.

Shida ikawa nyingine. Mzee hakuweza kuwaonyesha. Alichokuwa anajua kwa mkono ule hakikuwamo tena mkononi. Akakaa kwenye kiti, akafumba macho, kidole gumba cha kulia kikawa kinasukuma hewa.

"Kinasukuma chini ya uzi... subiri. Sicho kinachovuta. Kinasukuma tu, kama unapobandua stempu. Halafu cha pili kinapokea upande wa pili... Ndiyo. Ndivyo nilivyokuwa nafanya." Akafumbua macho. "Jaribu."

Daktari akafunga fundo kwenye mpini wa droo. Likawa legelege, aibu tupu, fundo la mwaka wa kwanza.

"Te—" akaanza Mzee, akajizuia. "Hapana. Ngoja nikwambie kosa liko wapi."

Mrefu alisema angetoa mshahara wake arekodi sauti ile.

Siku ya pili mama alichoka kutazama bila kazi. Akaingia chumbani, akatoka na filimbi yake ya zamani shingoni. Kwa kuwa plasta ililegea na jasho, bega lilikuwa limeanza kuiba. Kiwiko hakipandi, bega linapanda badala yake. Kila lilipopanda, mama akapuliza. Pyuu! "Bega hilo, limepita taa nyekundu." Jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Mzee alicheka mpaka machozi, na daktari, akiwa amefungwa kama furushi, amechoka, ana hasira, uzi umemkata ngozi ya kidole, akajikuta naye anacheka. Pyuu! "Hata kicheko. Bega chini."

Kuelekea mwisho wa wiki plasta ikatolewa na kiwiko kikabaki chini. Mara nyingi. Si zote.

Asubuhi ya kupimwa mama aliamua kumsindikiza, filimbi shingoni, akakaa kwenye benchi la korido. Ndani ni kilekile: sabuni, mbuzi, kamera inayotazama meza. Utumbo wa mezani daktari aliuunga kiwiko kiko chini, gumba linasukuma, fundo baada ya fundo. Alikuwa mzito kidogo kuliko zamani, akilijua hilo, na kila fundo lilimtaka afikiri kitu ambacho zamani hakukifikiria. Moyo haukutulia safari hii. Vidole vilikuwa na kazi na bado moyo unakwenda mbio.

Halafu ukaja mkebe. Mbele kulikwenda vizuri. Alipofika ukuta wa nyuma, chini kabisa, kidole gumba kikagota. Akajaribu tena, kikagota tena. Nafasi haikutosha kukikunja. Uzi ukaanza kulegea. Akauhisi mkono wake unaomba. Unajua njia, umeijua miaka, unataka kupanda. Jasho likamshuka chini ya kofia. Akaona ile barabara, kutwa nzima kwa basi, akaona pia kwamba kwenye nyonga ya mtu halisi fundo lililolegea hapo lingekuwa mauti, iwe kidole kimependeza au hakikupendeza.

Akakiachia kiwiko. Kikapanda, mkono ukazunguka, kidole cha mwisho kikaenda chini kwenye ule upenyo mwembamba ambao gumba halikuuweza, kikavua uzi. Fundo likakaa. Kiwiko kikarudi chini, na mengine yote akayafunga kwa gumba.

Maji ya buluu yakajazwa. Hayakutoka.

Bwana Kamera akaenda chumba cha pili, akarudi. "Watahini wanauliza. Pale nyuma mkono ulizunguka mara moja. Ulisahau?"

"Hapana. Gumba lilikuwa haliingii. Hiyo ndiyo njia niliyoijua ya kufika."

Akaenda, akakawia. Daktari alifunga uzi kwenye mguu wa meza, akaufungua, akaufunga. Aliporudi, Bwana Kamera hakujua kuficha furaha. Alikuwa ameitoa miwani kabla hajafika mlangoni.

"Wamekupitisha. Mmoja anauliza kama ile ya kwenye mkebe unaweza kumfundisha."

Daktari alivua glavu, zikamshinda, akazivua kwa meno kama mtoto.

Nje alimkuta mama yake amesimama, ameshasoma usoni kila alichohitaji, na kando yake Mzee Tena amekaa kwenye benchi. Alikuwa amevaa gauni la upasuaji, tayari naye kutazamwa. Namba imebandikwa kifuani, mahali isipoonekana.

"Ulivuja?" Mzee aliuliza.

"Haukuvuja."

"Kiwiko?"

"Kilipanda mara moja. Nilikituma mimi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. "Chini, ukuta wa nyuma."

"Hapohapo."

"Hapo gumba halifiki. Hata lililo zima." Akainuka, magoti yakalia. Mrefu, aliyekuwa akingoja zamu yake, akainama amfungie kamba za gauni mgongoni, na Mzee akamwacha. "Wakisema hapana, nitafundisha kwa mdomo. Mdomo haujabanwa na mlango."

"Mwalimu."

"Enhe."

Daktari alitaka kumwambia asiogope, akaona ni upuuzi. "Bega chini," alisema.

Mzee akacheka, akaingia, mlango ukafungwa.

Daktari alikuwa na basi la kukatia tiketi, sanduku la kupanga, hospitali ya kuipigia simu kabla daktari wa macho hajahamia. Hakuondoka. Mlango wa chumba cha watahini ulikuwa umeachwa wazi, na kutoka kwenye benchi kioo cha picha za kamera kilionekana: meza, utumbo, na mikono miwili isiyo na mtu. Mama akakaa karibu naye. Mrefu akasimama nyuma yao.

Mkono wa kushoto ukashika uzi. Ukapanda, ukazunguka, bila haraka, mwendo ule mrefu wa miaka mingi. Na pale benchini kiwiko cha daktari nacho kikainuka chenyewe, kikaufuata.

Mama akaipeleka filimbi mdomoni. Akamtazama mwanawe usoni, akaishusha, akaishika tu mkononi.